Mkwara wa Ng'ambo ya Ruvuma

Ukimtaja Paul von Lettow-Vorbeck darasani, kinachokuja haraka ni ile sifa ya vitabu: kamanda wa Kijerumani aliyepigana Afrika Mashariki miaka minne bila kukamatwa. Sisi tunaosoma huku kusini tuna sababu ya kumwangalia kwa jicho jingine, maana mchezo wake mkubwa kuliko yote aliuchezea hapa hapa, kati ya uwanda wa Makonde na mto Ruvuma. Nasema mchezo makusudi. Vita vyake vinaeleweka vizuri ukivisoma kama mtu anayejua poka.

Wengi wetu hapa chuoni tunaujua mkeka kuliko poka, basi nieleze kidogo. Una karata nne za kopa, na bado karata mbili hazijafunguliwa mezani. Ikija kopa ya tano, ni wachache watakaokuweza. Isipokuja, huna kitu. Nafasi ya kuipata ni kama asilimia 35. Sasa ukiweka dau mapema, ukajifanya karata zako zimeshatimia, hapo umepiga mkwara, ila si mkwara mtupu. Wenzako wakikimbia unabeba hela. Wakikufuata, bado kuna karata zinazoweza kukuokoa.

Kinachoumiza kichwa ni ukubwa wa dau. Mezani pakiwa na shilingi 10,000 nawe ukaweka 5,000, mkwara mtupu lazima ufaulu mara 1 katika 3 ili usipate hasara. Ukiweka 10,000, lazima ufaulu mara 1 katika 2. Dau kubwa linatisha zaidi lakini linadai zaidi, na dau dogo mno ni kumkaribisha mwenzako aendelee kwa bei ya kutupa. Mwenye karata zinazosubiri kutimia anaweza kuthubutu kuliko asiye na kitu, mradi asiweke dau litakalommaliza kabla karata hazijafika.

Lettow alizaliwa Saarlouis, Ujerumani, mwaka 1870, katika familia ya wanajeshi. Alipelekwa China wakati wa uasi wa Maboksa, kisha mwaka 1904 akaenda Namibia ya leo, kwenye makao ya Jenerali von Trotha, katika vita vilivyokaribia kuwafuta Waherero na Wanama. Huko alijeruhiwa jicho la kushoto. Sehemu hii ya maisha yake wanaomsifu huwa wanairuka, na mimi naona haifai kurukwa. Mtu hafiki Dar es Salaam Januari 1914 akiwa mgeni wa vita vya kikoloni na ghafla akawa bwana muungwana.

Vita Kuu ilipoanza, Gavana Schnee alitaka koloni likae pembeni. Lettow alikuwa na hesabu nyingine. Alijua hawezi kuishinda Uingereza Afrika. Alichotaka ni Waingereza walete huku watu, meli na fedha ambazo vinginevyo zingekwenda Ulaya. Kwa hiyo ushindi wake haukuwa kuteka ardhi. Ushindi ulikuwa mpinzani kuendelea kutoa hela mfukoni.

Tanga, Novemba 1914, ndiyo iliyompa jina. Waingereza walileta wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Siku ya kwanza mjini palikuwa na Wajerumani wachache sana, na wengine walikuwa bado njiani kwa treni kutoka upande wa Moshi. Yaani mkono wake ulikuwa haujatimia, lakini aliucheza kana kwamba umetimia, na treni zikafika. Hata alipokamilika alikuwa na watu kama 1,000 tu. Waingereza wakarudi melini wakiacha bunduki, bombomu na risasi kama 600,000. Dau lilikuwa dogo na alichobeba kilikuwa kikubwa mno.

Machi 1916 karata nyingine ilimjia huku kwetu pwani. Meli iitwayo Marie ilipenya kizuizi cha Waingereza ikaingia ghuba ya Sudi, karibu na Mikindani, na mizigo ya mizinga, bunduki na risasi. Mizigo ile haikutembea yenyewe. Ilibebwa vichwani na mabegani kupelekwa kaskazini, na waliobeba ni watu wa vijiji hivi hivi. Mwezi uliofuata Wareno waliichukua Kionga, kile kipande cha ardhi kusini ya mdomo wa Ruvuma. Baadaye mwaka huo walivuka mto, wakafika hadi Newala, wakatimuliwa kabla mwaka haujaisha. Nadhani Lettow aliweka jambo hilo kichwani: ng'ambo ya mto kuna jirani mwenye mali nyingi na ulinzi mdogo.

Kufikia Oktoba 1917 alikuwa amesukumwa hadi kusini kabisa. Mahiwa, upande wa Lindi, kuanzia tarehe 15 hadi 18, alifanya kitu ambacho kwa kawaida alikikwepa: alisimama akapigana kwa nguvu zote. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000. Yeye alipoteza zaidi ya 500 kati ya kama 1,500, na risasi za bunduki zake za kisasa zikakaribia kwisha. Vitabu vingi vinauita ushindi wake mkubwa kabisa. Mimi nabisha. Waingereza waliweza kuleta wengine, yeye hakuwa na pa kuwatoa. Alishinda mkono ule kwa dau ambalo asingeweza kuliweka mara ya pili.

Ndiyo maana kilichofuata kinanivutia kuliko Tanga na Mahiwa. Mwezi uliofuata, Nambindinga, juu ya uwanda wa Makonde, alikaa akapunguza jeshi lake mwenyewe. Aliwaacha nyuma mamia ya wagonjwa, majeruhi na wasioweza kutembea, wachukuliwe na Waingereza. Akabaki na Wazungu kama 300, askari Waafrika kama 1,700 na wapagazi kama 3,000. Kamanda mwingine angeng'ang'ania kila mtu ili aonekane ana nguvu. Yeye aliuliza chakula na risasi zilizopo zinatosha watu wangapi, akaweka dau la ukubwa huo.

Karata alizoweza kuzitegemea zilikuwa tatu, na mbili zilikufa ndani ya wiki moja. Ujerumani ilirusha puto kubwa la injini, Zeppelin L59, lenye urefu wa zaidi ya mita 200, likitokea Bulgaria tarehe 21 Novemba na tani kama 15 za vifaa vyake. Siku mbili baadaye likaamriwa kurudi likiwa juu ya Sudan. Kapteni Tafel naye, aliyekuwa akishuka kutoka Mahenge na zaidi ya watu 1,000, alipishana naye, akaishiwa chakula na kujisalimisha tarehe 28.

Ya tatu ndiyo iliyotimia. Tarehe 25 Novemba 1917 Lettow alivuka Ruvuma na kuishambulia kambi ya Wareno pale Ngomano, Lugenda inapoingia Ruvuma. Ukivuka leo Daraja la Umoja pale Mtambaswala, Nanyumbu, unaingia eneo hilo hilo. Meja Teixeira Pinto aliuawa, na kambi ikaanguka siku ile ile. Ndani mlikuwa na risasi zaidi ya 250,000, mamia ya bunduki na bombomu sita. Jeshi lililovuka likiwa karibu kuishiwa lilitoka na silaha mpya za Kireno. Kama angevuka na jeshi lake zima, ngawira ile isingewatosha, na njaa ingewamaliza kwanza.

Kwa miezi kama kumi alizunguka Msumbiji, akarudi kuvuka Ruvuma Septemba 1918, akapita Songea hadi Rhodesia ya Kaskazini. Alijisalimisha Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, mwaka kamili tangu Ngomano. Vita Ulaya vilikuwa vimeisha wiki mbili kabla.

Lakini anayecheza poka huweka hela yake. Lettow aliweka mezani watu na ghala za watu. Chakula kilichukuliwa vijijini, njaa ikabaki nyuma ya majeshi yote. Wapagazi waliokufa kwa upande wa Waingereza pekee wanakadiriwa karibu laki moja, wengi kwa maradhi na njaa. Anayemsifu kwa ujasiri wa dau akumbuke pia chipsi zilikuwa za nani.

Kwao alipokewa kama shujaa, Berlin, 1919. Akajiingiza kwenye jaribio la mapinduzi la 1920 lililoshindwa, baadaye akawa mbunge. Alifariki Hamburg Machi 1964, akiwa na miaka 93. Mwaka huo huo Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa mishahara waliyokuwa wakidai wale askari wake wa zamani waliokuwa bado hai, miaka 46 baada ya Abercorn. Waliolipwa walikuwa askari. Mpagazi aliyebeba risasi kutoka Sudi hakuwemo.