Bell, mutu mwenye jina lake liko ndani ya desibeli

Mwenye kuanza kazi ya sauti kanisani ao kwenye orkestra, siku ya kwanza tu anasikia maneno ya ajabu: hertz, larsen, desibeli. Anafikiri ni siri ya mafundi. Kumbe ni majina ya watu. Hertz alikuwa Mudachi, Larsen alikuwa mutu wa Denmark, na desibeli njo jina la Alexander Graham Bell. Leo tunaeleza maisha yake, juu hii neno haiko ya mafundi wa sauti peke yao. Iko pia yako wewe, papa mwenye kushuka mugodini.

Bell alizaliwa tarehe 3 mwezi wa tatu 1847 katika muji wa Edinburgh, inchi ya Scotland. Baba yake alikuwa anafundisha watu kusema vizuri. Mama yake, Eliza, alikuwa anasikia kidogo sana, hata hivi alipiga piano. Kwa kumusemesha, mutoto alikaribisha kinywa kwenye paji la uso wa mama na kusema polepole, kwa sauti ya chini. Njo vile alijua mapema kama sauti ni kutikisika, na inaweza kupita hata ndani ya mufupa.

Kifua kikuu kikaua ndugu zake wawili. Mwaka wa 1870 wazazi wakamupeleka Canada, na mwaka uliofuata akaenda Boston, Marekani, kufundisha viziwi. Mumoja wa wanafunzi wake, Mabel Hubbard, homa ilimuharibia masikio angali mutoto mudogo. Wakaoana mwaka wa 1877.

Muchana alifundisha, usiku alitafuta namna ya kupitisha sauti ndani ya waya. Tarehe 7 mwezi wa tatu 1876 akapata hati ya telefoni. Wengine wakamufikisha tribinali. Alishinda, lakini ubishi unaendelea mpaka leo. Ndani ya telefoni yake, ngozi nyembamba ilitikisika mbele ya sumaku, na umeme ukatikisika pamoja nayo. Mikro nyingi za kanisani zinatumika vilevile. Bafle nayo ni kazi ileile kwa kurudi nyuma: umeme unaingia, sauti inatoka.

Hatutaficha upande mwingine. Bell alitaka viziwi waseme kwa kinywa, waache ishara za mikono. Viziwi wengi wanamulaumu juu ya ile.

Alikufa tarehe 2 mwezi wa munane 1922, Canada. Saa ya kumuzika, telefoni za Amerika ya Kaskazini zilinyamaza dakika moja. Kisha, mafundi wa kampuni ya telefoni walihitaji kipimo cha nguvu ya sauti inayopotea njiani, wakakiita beli. Desibeli ni sehemu moja ya kumi ya beli, sawa vile desimetre kwa metre.

Fasi wenye kuanza wanapotea ni hapa: desibeli haihesabiwe sawa kilo za muchanga. Ukiongeza 3, nguvu inakuwa mara mbili. Ukiongeza 10, ni mara kumi. Mashini mbili za kutoboa mawe, kila moja desibeli 90, pamoja hazifanye 180, zinafanya 93. Na ile 0 kwenye meza ya sauti haiko kimya: maana yake fundi haongeze, hapunguze.

Sasa ona kwa nini inakugusa. Wataalamu wa afya ya kazi wanashauri mutu asipitishe saa 8 kwa siku kwenye desibeli 85. Kwenye 88, saa 4. Kwenye 91, saa 2 tu. Namba inapanda kidogo, lakini muda unakatika nusu kila mara. Mwenye kutoka mugodini na kwenda kusimama mbele ya bafle usiku kucha, anaongeza muzigo juu ya masikio yaleyale.

Bell alikaa maisha yake kati ya mama na bibi wenye masikio mabovu, na telefoni yake haikuyarudisha. Sikio lililoharibiwa na makelele halirudie. Papa, kama masikio yanalia kisha kazi, ni alama. Vaa vifuniko vya masikio, hata kama joto ni kali. Watoto nyumbani wanataka uwasikie.