Jason Sendwe, mtu wa kalamu aliyekataa Katanga ijitenge

Kutoka Kabondo-Dianda hadi Kamina na Kabongo, jina la Jason Sendwe linafahamika zaidi kupitia hospitali kubwa ya Lubumbashi inayoitwa kwa jina lake. Lakini kabla ya siasa, mzee huyo alikuwa pia mwandishi.

Alizaliwa mwaka 1917 huko Mwanya, upande wa Kabongo, akalelewa katika misheni ya Wametodisti na kuwa msaidizi wa waganga. Mwaka 1954 na 1955 jarida la CEPSI la Elisabethville, Lubumbashi ya leo, lilichapisha maandishi yake juu ya mila za Baluba Shankadji. Wakati ule habari za Baluba ziliandikwa hasa na wamisionari na maofisa Wabelgiji. Mwana wa nchi kuzieleza mwenyewe halikuwa jambo dogo.

Mwaka 1957 alianzisha BALUBAKAT. Mtu angedhani aliyeandika sana juu ya kabila lake angetaka nchi ya kabila lake. Sendwe alitaka Kongo moja. Mwaka 1959 chama chake kiliingia CONAKAT ya Moïse Tshombe, kisha kikatoka kabla mwaka haujaisha, kwani CONAKAT ilikuwa karibu mno na walowezi.

Katika uchaguzi wa Mei 1960, CONAKAT ilipata viti 25 kati ya 60 vya bunge la jimbo, na muungano wa Sendwe 23. Muungano huo ulisusia vikao. Ndipo Ubelgiji ikabadilisha sheria, na Tshombe akaunda serikali peke yake. Tarehe 11 Julai alitangaza Katanga kujitenga. Lumumba alikuwa amemchagua Sendwe kuwa mjumbe wa serikali kuu Katanga, lakini kazi hiyo hakuifanya hata siku moja.

Kaskazini vita vikawaka. Askari wa Tshombe walichoma vijiji vya Baluba, na vijana wa BALUBAKAT nao waliua watu wengi. Oktoba 1960 Sendwe alizunguka huko chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, akiomba utulivu.

Baadaye alikuwa naibu waziri mkuu wa Cyrille Adoula, hadi wabunge walipomwangusha mwishoni mwa 1962. Mwaka 1963 alipewa uongozi wa jimbo la Katanga Kaskazini. Aliuawa Juni 1964 huko Albertville, Kalemie ya leo, wakati wa uasi. Mwezi uliofuata, Tshombe akawa waziri mkuu wa Kongo nzima.