Ntsikana na Nyimbo Zake

Ndugu msomaji, wewe sasa unasoma. Ntsikana hakujua kusoma. Na hata angejua, wakati wake hapakuwa na kitabu cha kusoma kwa lugha yake. Lakini aliwafundisha watu wengi habari za Mungu. Aliwafundisha kwa nyimbo.

Ntsikana alikuwa Mxhosa wa Afrika ya Kusini. Alizaliwa karibu na mwaka 1780. Alikuwa na ng'ombe, na alisifika kwa kuimba na kucheza ngoma. Kama wenzake, alijipaka udongo mwekundu mwilini. Mwaka 1799 mhubiri mmoja Mholanzi, van der Kemp, alifika katika nchi ya chifu Ngqika. Inasemekana Ntsikana alimsikia alipokuwa kijana. Mhubiri huyo hakukaa sana, akaondoka.

Miaka mingi ilipita. Husimuliwa kwamba asubuhi moja, yapata mwaka 1815, Ntsikana alisimama zizini akimtazama ng'ombe wake aliyempenda sana. Akaona mwanga wa ajabu juu ya ng'ombe huyo. Siku hiyo alikwenda ngomani. Kila alipoinuka kucheza, upepo mkali ulivuma. Akaacha, akawachukua watu wake, wakarudi nyumbani. Njiani akaingia mtoni, akauosha udongo wote mwekundu.

Je, unadhani aliacha kuimba? Hapana. Alitunga nyimbo za Mungu kwa sauti za Kixhosa, zile zile ambazo watu walizizoea. Mmoja akaanzisha, wengine wakaitikia. Katika wimbo wake mkubwa alimfananisha Mungu na ngao, na ngome, na kichaka cha kujificha. Hakuna aliyehitaji kuelezwa ngao ni nini. Watu walikuwa vitani mara kwa mara.

Kengele ya kuwaita watu kwenye sala hakuwa nayo. Basi akatunga wimbo wa kuwa kengele. Alisimama mlangoni akauimba, na watu wakaja.

Usifikiri kwamba wote walimkubali. Mwaka 1818 alimwonya chifu Ngqika asipigane na Ndlambe, baba yake mdogo. Ngqika hakusikia. Walipigana mahali paitwapo Amalinde. Ngqika akashindwa, na watu wengi sana wakafa. Nyimbo hazikuzuia vita hivyo.

Ntsikana alikufa mwaka 1821. Kabla ya kufa aliwaambia wafuasi wake waende kwa mhubiri Brownlee, kule Tyhume. Aliomba pia azikwe kaburini. Siku hizo Waxhosa waliwazika machifu. Maiti za watu wengine ziliachwa porini.

Mtambo wa kuchapa ulianza kazi huko Tyhume mwaka 1823. Ntsikana alikuwa amekwisha kufa, lakini wafuasi wake walikuwa na nyimbo zake zote kichwani. Waliziimba nyumbani, na watoto wakazishika. Mwana wa mmoja wao, Tiyo Soga, alifanywa mchungaji mwaka 1856. Alikuwa Mwafrika wa kwanza wa Afrika ya Kusini kupata cheo hicho. Baadaye John Knox Bokwe, mwanamuziki Mxhosa, aliziandika sauti za nyimbo hizo, na mwaka 1914 akatoa kitabu cha maisha ya Ntsikana.

Leo makanisa ya Waxhosa yana kengele za chuma. Hata hivyo, ule wimbo wa kengele bado unaimbwa.