John Marshall: Kapteni Aliyekuwa Jaji Mkuu

Wanapotajwa watu walioijenga serikali ya Marekani, jina la George Washington hutangulia, na ni haki yake. Leo twapenda kumweleza mtu aliyekuwa chini ya amri ya Washington vitani, mwenye cheo cha kapteni tu, ambaye baadaye aliiongoza Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo kwa muda wa miaka 34. Mtu huyo ni John Marshall. Tumemchagua kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu huvaa sare, naye aliivaa sare kabla ya kuvaa joho.

Alizaliwa tarehe 24 Septemba, 1755, huko Virginia, akiwa wa kwanza kati ya watoto 15. Baba yake, Thomas Marshall, alikuwa mpimaji wa ardhi na rafiki wa Washington. Shule aliipata kwa uchache. Mengi alifundishwa nyumbani. Vita vya kujikomboa kutoka kwa Waingereza vilipozuka mwaka 1775, baba na mwana waliingia jeshini pamoja. Kijana alipigana Great Bridge, Brandywine, Germantown na Monmouth.

Majira ya baridi ya mwaka 1777 hadi 1778 aliyapitisha kambini Valley Forge. Sisi wa nchi za joto si rahisi kuipima adha ile. Viatu vilikwisha, mablanketi hayakutosha, chakula leo kilikuja na kesho hakikuja, na watu wapatao 2,000 walikufa kwa maradhi pasipo risasi kulia. Si kwamba nchi haikuwa na chakula. Bunge la muungano halikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Liliomba tu, na kila jimbo likatoa lilivyopenda. Marshall hakuisahau njaa hiyo maisha yake yote. Mtu aliyelala na njaa kwa sababu serikali yake haina nguvu hahitaji kuelezwa faida ya serikali yenye nguvu. Wakati huo alikuwa pia naibu mwanasheria wa jeshi, akishughulikia mashauri ya askari. Masomo ya sheria chuoni aliyapata kwa muda mfupi tu, mwaka 1780.

Baada ya vita alikuwa wakili mjini Richmond, akaitetea Katiba mpya katika mkutano wa Virginia wa mwaka 1788, akatumwa Ufaransa, akawa mbunge, kisha Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Mwanzoni mwa mwaka 1801, Rais John Adams, aliyekuwa amekwisha kushindwa na Thomas Jefferson katika uchaguzi, alimteua kuwa Jaji Mkuu.

Shauri lililomtukuza lilitokana na uzembe, na sehemu ya uzembe huo ulikuwa wake mwenyewe. Adams alitia saini hati za uteuzi wa mahakimu katika siku zake za mwisho. Marshall, akiwa bado waziri, alizipiga mhuri, lakini baadhi hazikuwafikia wenyewe. Mmojawapo, William Marbury, aliidai hati yake, na waziri mpya, James Madison, akakataa kuitoa. Mwaka 1803 shauri likamfikia Marshall. Leo tungetazamia jaji wa namna hiyo ajitoe; yeye hakujitoa. Alitamka kwamba Marbury alikuwa na haki ya kupata hati yake, ila Mahakama haikuweza kumsaidia, kwa kuwa kifungu cha sheria ya mwaka 1789 kilichoipa uwezo huo kilipingana na Katiba, na kwa hiyo kilikuwa batili. Jefferson hakuwa na amri ya kuikataa, lakini Mahakama ilikuwa imejitwalia uwezo mkubwa zaidi: kuitengua sheria ya Bunge.

Shauri linalowagusa zaidi wasomaji wetu ni la mwaka uliofuata, nalo halitajwi sana. Wakati wa mgogoro wa baharini kati ya Marekani na Ufaransa, Bunge liliruhusu kukamata meli za Kimarekani zinazokwenda katika bandari za Wafaransa. Amri iliyotolewa na serikali kwa makapteni wa manowari iliongeza neno: zinazokwenda au zinazotoka. Mnamo Desemba 1799 Kapteni George Little aliikamata meli Flying Fish ikitoka katika bandari ya Wafaransa. Tena ikadhihirika kuwa ni mali ya Mdenmaki.

Little alijitetea kwamba alitii amri ya wakubwa. Marshall, askari wa zamani, alikiri kwamba mwanzoni moyo wake ulielekea kumwachilia, kwani jeshi haliwezi kwenda pasipo utii. Hata hivyo alibadili shauri lake na kukubaliana na wenzake: amri ya Rais haiwezi kukifanya halali kitendo ambacho sheria haikukiruhusu. Kapteni akaamriwa kulipa fidia. Hukumu ilikuwa chungu, na twaona Bunge nalo liliuhisi uchungu huo, maana mwaka 1807 lilipitisha sheria ya kumfidia Little.

Tusimfanye malaika. Marshall alimiliki watumwa wengi, na mwaka 1825 aliamua kwamba biashara ya watumwa haikukatazwa na sheria ya mataifa. Mwaka 1832 alitamka kwamba jimbo la Georgia halikuwa na mamlaka katika nchi ya Wacherokee; Georgia ikaidharau hukumu hiyo, na serikali haikuitekeleza. Miaka sita baadaye askari waliwakusanya Wacherokee na kuwaondoa kwa nguvu, na maelfu wakafa. Mahakama haina jeshi. Ilimpasa mwenye jeshi aitii.

Alifariki tarehe 6 Julai, 1835, mjini Philadelphia, akiwa bado Jaji Mkuu, akazikwa Richmond kando ya mkewe, Mary. Maandishi ya kaburi aliyatunga mwenyewe: majina ya wazazi wake, siku aliyozaliwa, siku aliyooa na nafasi ya siku ya kufa. Ujaji haukutajwa, wala ukapteni.