Pierre Romain-Desfossés, mwalimu wa Hangar



Leo tunawaelezea maisha ya mtu aliyetumika hapa mu muji wetu, wakati ungali unaitwa Élisabethville.

Pierre Romain-Desfossés alizaliwa Brest, Ufaransa, mwaka wa 1887. Alikuwa ofisa wa jeshi la maji. Kisha vita ya pili ya dunia akabakia Katanga, na mwaka wa 1946 akafungua nyumba ya kuchora iliyojulikana kwa jina la Hangar.

Wanafunzi wake hawakuwa watu wa masomo makubwa. Bela, mwenye kutoka inchi ya Tchad, alikuwa mtumishi wake. Huyu alichora kwa vidole, bila burashi. Pilipili Mulongoy, mtoto wa muvuvi, alichora samaki, ndege na majani, akijaza nafasi yote kwa vitone vidogo-vidogo. Mwenze Kibwanga alichora kwa mistari mifupi-mifupi, ya rangi za udongo.

Mwalimu yule hakuwapa picha za Ulaya wazifuate. Aliwapeleka mu pori na ku mito waangalie vizuri, kisha kila mumoja achore kwa mukono wake yale aliyoyachunga mu kichwa. Kazi hii inaomba macho. Mwezi wa tisa, mbele ya mvua, miti ya pori letu inatoa majani mekundu. Mwezi wa kumi na mbili kila kitu ni kijani na uyoga unatoka. Mwezi wa saba majani yamekauka, moto unapita. Pori ni lile lile, lakini picha si moja.

Tusifiche upande mwingine. Ulikuwa wakati wa ukoloni, na ni yeye muzungu alikata shauri kitu gani kinafaa kuitwa cha Kiafrika. Wengine wamemulaumu, na tunaona wana haki: mwenye kukatazwa kuiga anaweza kukatazwa kujifunza pia. Lakini ile mikono mitatu haikufanana hata kidogo, na hilo ni jambo kubwa kwa mwalimu.

Alikufa mwaka wa 1954. Pilipili na Mwenze wakaenda kufundisha ku Académie des Beaux-Arts, iliyoanzishwa na Laurent Moonens mwaka wa 1951. Mwenze alikufa mwaka wa 1999, Pilipili mwaka wa 2007.

Na sisi je? Noeli iliyopita tulibandika pamba ku ukuta wa chumba cha kula, eti ni theluji. Inje mvua ilinyesha, miembe imejaa maembe. Hakuna kati yetu aliyeona theluji hata siku moja! Na ni sisi wakubwa wa mwaka wa sita tuliosimamia kazi ile.

Basi, mbele ya mvua ya kwanza, kila darasa lilete jani moja la pori lililochorwa kwa kuangaliwa, hapana kwa kufuata kitabu. Tutayabandika pale pale. La kwanza litakuwa letu.