Sakawa: Mwaguzi wa Getembe

Dalili ya mvua ni mawingu. Katika nchi ya Abagusii, ambayo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, anayekumbukwa kwa kuyaona mapema mawingu ya ukoloni ni Sakawa, mwaguzi wa Nyakoe, Kitutu, aliyezaliwa katika miaka ya 1840.

Bishara iliyomjengea jina ilihusu serikali. Yasimuliwa kwamba aliwaongoza watu hadi Getembe, mahali ambapo baadaye palijengwa mji wa Kisii, akawaonyesha palipokusudiwa ofisi, hospitali na kambi ya polisi. Wageni weupe wangefika, wapiganaji wangenyang'anywa silaha, na hatimaye wageni hao wangeondoka. Mnamo mwaka wa 1902 hivi Sakawa aliaga dunia. Wafuasi wake hawakukubali kwamba amekufa. Waliamini ametoweka na kwamba angerejea.

Yaliyofuata yaliithibitisha hofu yake. Mwaka wa 1905 askari wa Waingereza waliishambulia Kitutu, wakaua watu na kuteka mifugo. Mwaka wa 1907 kituo cha serikali kikafunguliwa papo hapo Getembe. Januari 1908 Otenyo, akihimizwa na mwaguzi Moraa, alimchoma mkuki mtawala wa wilaya, Northcote. Northcote alipona, lakini kisasi cha serikali kilikuwa kikali mno hata Winston Churchill, naibu waziri wa makoloni, akalalamika kutoka London.

Filamu za siku hizi zinazosimulia mlipuko wa maradhi yanayowageuza watu kuwa mazimwi hupenda kuonyesha serikali ikiwakimbia raia iliyodai kuwalinda. Wakazi wa Kisii waliyashuhudia hayo Septemba 1914, Wajerumani walipouvamia mji na maofisa wa Kiingereza wakauhama. Waliomkumbuka Sakawa walidhani bishara imetimia. Ofisi ziliporwa, na vituo vya misheni pia. Baada ya siku chache Waingereza walirudi, wakawaadhibu wenyeji na kutwaa ng'ombe wao.

Hata hivyo, tumaini halikuzimika. Dini ya Mumbo, iliyozuka Alego mwaka wa 1913, ilipoenea Gusii ilichanganyika na imani ya kurudi kwa Sakawa. Serikali iliwaona waumini wake kuwa wendawazimu, na mwaka wa 1921 ikawahamisha baadhi ya viongozi mbali na kwao.

Mtafiti wa fasihi simulizi hana budi kutahadhari, maana bishara hizi ziliandikwa baada ya matukio yenyewe, na huenda wasimulizi waliongeza chumvi. Lakini hata chumvi hiyo ni ushahidi. Jamii iliyoporwa mifugo yake na kuzikiwa vijana wake na serikali ilihitaji mtu aliyeijua serikali hiyo kabla haijafika, na aliyejua kwamba haitadumu. Waingereza waliondoka mwaka wa 1963. Sakawa hakurudi, ila jina lake halijaondoka Getembe.