Sam Ntiro, Mchoraji wa Kijiji Chake

Sam Joseph Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Alisomea sanaa katika Chuo cha Makerere, Uganda, chini ya Bi. Margaret Trowell. Mwalimu huyo hakutegemea picha za kunakiliwa. Alisimulia tukio kwa maneno, kila mwanafunzi akaliona kwanza moyoni mwake, ndipo akashika brashi.

Mbegu hiyo iliota. Katika miaka ya 1950 Ntiro alisoma Slade, London. Lakini hata baada ya mafunzo hayo aliendelea kuchora migomba, vilima, na watu wadogo wadogo wakifanya kazi pamoja. Alichora pia matukio ya Biblia. Mwaka 1960 jumba la sanaa za kisasa la New York lilinunua picha yake ya watu wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Baada ya Uhuru wa 1961 alikuwa Balozi wetu Uingereza hadi 1964. Baadaye alishughulikia utamaduni nchini. Alifariki mwaka 1993.

Katika picha zake kazi ya kila siku ina utulivu wa sala. Hachori hivyo asiyetazama kwa heshima. Basi, mwanachuo, utakapofundisha Gonja au Mamba, usichore nyumba ubaoni ili darasa zima liinakili. Wasimulie watoto asubuhi ya kufungulia maji ya ndiva, wape karatasi, kisha unyamaze. Msifu kila mmoja kwa alichokiona mwenyewe.